Kusubu vichwa vya risasi: anza na kuchambua skrepa

Vichwa vikitoka kwenye kalibu na makunyanzi, au mtutu ukijaa risasi (yaani madini ya risasi yakiganda ndani yake) baada ya milio michache, lawama huangukia kalibu. Mara nyingi kosa liko chunguni: skrepa za kila namna ziliyeyushwa pamoja kabla hazijajulikana ni nini. (Hapa nazungumza na wenye silaha za shabaha kihalali. Nchi nyingine zinataka kibali hata kwa kazi hii, kitafute kwanza.)

Madini ya kufuatilia ni matatu. Risasi tupu ina ugumu wa Brinell (kipimo cha ugumu wa metali) 5 hivi, hata kucha inaikwaruza. Antimoni ndiyo inayoigumisha. Bati kazi yake kubwa ni kuifanya ijaze kila kona ya kalibu. Ugumu inaoongeza ni mdogo ukiulinganisha na bei yake.

Shiti za kuezekea, mabomba ya maji ya zamani na shiti za kukinga vyumba vya eksirei karibu yote ni risasi tupu. Risasi za kubalansi matairi, zile za kubana kwenye rimu, zina antimoni kama asilimia 3, bati nusu asilimia na chembe za aseniki. Ugumu wake 9 hadi 12. Za kubandika kwa gundi huwa laini, zitenge. Herufi za uchapaji za linotaipu zina antimoni asilimia 12 na bati 4, ugumu 22 hivi. Kuzisubu peke yake ni kuzifuja, maana hizo ndizo chanzo chako cha antimoni. Antimoni tupu huyeyuka kwenye nyuzi 630 za Selsiasi, jiko lako halitafika huko. Betri za gari ziache kabisa: zina asidi, na taka zake (uchafu unaobaki chunguni zikiyeyushwa) zikipata unyevu zinaweza kutoa arsini na stibini, gesi zinazoua.

Adui mkubwa ni zinki. Ulaya ilipiga marufuku risasi za kubalansi magari mwaka 2005, kwa hiyo ndoo ya leo imejaa zinki na chuma. Tafuta alama “Zn” na “Fe”, lakini usizitegemee, nyingi zimefutika. Bana kila kipande kwa koleo ya kukatia: kwenye risasi meno yanazama bila shida, kwenye zinki yanateleza. Kikiangushwa sakafuni, cha risasi hutoa mlio mzito, cha zinki hulia. Ukibaki na shaka, tone la asidi ya hidrokloriki hufanya zinki ichemke mapovu papo hapo. Kinga ya mwisho ni joto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, zinki 419. Ukiwa na kipimajoto na ukabaki chini ya 370, vipande vya zinki na chuma vitaelea juu na utaviopoa. Mwenye haraka anayewasha moto hadi mwisho ndiye anayeharibu chungu kizima. Uso wa risasi ukiwa na mabonge kama uji uliokatika, na vichwa vikikataa kujaa, zinki imeshaingia. Mimina hiyo iwe uzito wa kuzamishia nyavu, usipoteze bati kujaribu kuiokoa.

Kupima ugumu, chukua seti ya penseli za kuchorea, 6B iliyo laini hadi 6H iliyo ngumu. Lainisha uso wa mkuo (kipande cha risasi ulichomimina kikaganda) kwa tupa, sukuma penseli kwa pembe ya nyuzi 45, na uandike ile laini kuliko zote inayoweza kukata ganda. Linganisha na kipande unachokijua, si na jedwali la mtu mwingine. Pima mikuo ya umri mmoja, kwa sababu mchanganyiko wenye antimoni huendelea kukakamaa kwa siku kadhaa. Kalibu nayo ni mizani: kichwa cha risasi tupu huzidi cha linotaipu kwa uzito kwa karibu asilimia 10.

Sasa hesabu. Kwa bastola za kasi ya kawaida, kilo 5 za risasi za rimu na kilo 5 za risasi laini, pamoja na gramu 125 hivi za bati, hutoa bati karibu asilimia 1.5 na antimoni 1.5. Inatosha. Ukitaka mchanganyiko wa bati 5 na antimoni 5, ugumu 15, weka linotaipu kilo 4.17, risasi laini kilo 5.5 na bati gramu 330. Bati isizidi antimoni, na lehemu ya nusu kwa nusu ihesabiwe kuwa nusu tu ya uzito wake ni bati. Ugumu mwingi si dawa ya mtutu kujaa risasi. Kichwa chembamba kuliko mifuo ya mtutu (michirizi iliyochongwa ndani yake) kitachafua hata kikiwa kigumu.

Tumia chungu cha chuma, kamwe si sufuria ya alumini. Mikuo iwe mikavu na moto kabla ya kuingia: tone moja la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Koroga na kipande cha nta, washa moshi wake kwa kiberiti, kisha kwangua pembeni. Ule utando wa kijivu unaorudi rudi ni oksidi ya bati, urudishe ndani kwa nta badala ya kuutupa. Subu kati ya nyuzi 360 na 400. Juu ya hapo bati huungua na faida yake hupotea.

Hatari ya kila siku ni vumbi la taka kuliko mvuke. Fanya kazi nje au penye hewa, watoto wakae mbali, usile wala kuvuta sigara hapo, panguza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, osha mikono kwa sabuni, na nguo zifuliwe peke yake. Taka ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko.

Kila mkuo ugonge herufi ya chanzo chake kwa patasi ukipoa: R ya rimu, L ya laini, H ya herufi. Wino wa kalamu hufutika.