Sindromu ya Stickler: miwani mizito, masikio na kaakaa kwa mtoto mmoja

Mtoto wa miaka mitatu anavaa miwani ya minus nane, yaani haoni mbali kabisa. Daktari wa macho kamwandikia miwani, wa masikio katoa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na mpasuko wa kaakaa ulishashonwa akiwa mchanga. Kila mmoja ametibu kipande chake. Swali la kwa nini yote yamempata mtoto mmoja halijaulizwa, na hapo ndipo ugonjwa huu unapopita bila kutambuliwa.

Gunnar Stickler wa Kliniki ya Mayo, Marekani, aliueleza mwaka 1965. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni za kolajeni (protini inayoshikilia tishu za mwili), mara nyingi jeni ya COL2A1, wakati mwingine COL11A1. Kolajeni hizo hujenga ute mzito wa ndani ya jicho, gegedu za viungo na sehemu za sikio la ndani. Kwa aina hizi, mzazi mwenye hitilafu ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto. Lakini mtoto anaweza kuwa wa kwanza katika ukoo, kwa hiyo "kwetu hakuna" si jibu.

Jicho ndilo lisilosubiri. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchanika, pengine kwa robo nzima ya mzunguko wa jicho au zaidi, kisha hubanduka. Mtoto mdogo hatasema kitu: jicho moja likififia, anatumia lingine. Kupima miwani pekee hakutoshi kabisa. Atiwe matone ya kupanua mboni, retina ikaguliwe hadi pembezoni, walau mara moja kwa mwaka. Muulize daktari wa retina kuhusu kinga ya leza au ya kugandisha pembezoni kabla haijachanika. Mimweko ya mwanga, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kama pazia: hospitali siku hiyohiyo.

Kwenye masikio, sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Mtoto anaitika akiitwa, ila "s" na "f" zinampita, na shuleni anaonekana mzembe. Kipimo cha usikivu kifike hezi 8,000, kwenye sauti nyembamba sana.

Viungo hulegea utotoni, kisha husagika mapema.

Macho mazima hayaondoi shaka: hitilafu ya jeni nyingine ya kolajeni, COL11A2, huacha macho salama. Zipo pia hitilafu za COL2A1 zinazogusa macho karibu peke yake. Kipimo cha jeni kikionyesha hitilafu, wapimwe wazazi na ndugu. Asiyekuwa nayo hahitaji tena ukaguzi huo wa retina wa kila mwaka.