Taji Moja Kwenye Ukosi

Nilipokuwa nikiishi London, bi kizee mmoja jirani yangu aliniletea picha ya babu wa marehemu mumewe pamoja na kifungo kimoja cha sare, akaniomba nimthibitishie kwamba mzee huyo alikuwa miongoni mwa wapanda farasi wa Kiingereza walioshambulia mizinga ya Warusi kule Balaklava, katika rasi ya Krimea, Oktoba 1854. Alijua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikizichunguza sare za maofisa wa Kiingereza.

Kifungo hakikuwa na utata. Kilikuwa cha rangi ya dhahabu iliyofifia pembeni, na katikati palichomoza fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana, alama ya 17th Lancers, rejimenti ya Kiingereza ya wapanda farasi wenye mikuki. Rejimenti hiyo iliundwa mwaka 1759 na John Hale, ambaye alichagua fuvu hilo kwa kumkumbuka kamanda wake, Jenerali Wolfe, aliyeuawa Quebec mwaka huohuo. Ni kweli pia kwamba ilipigana Balaklava. Hata hivyo kifungo cha namna hiyo hutaja kikosi, hakitaji vita, kwa hiyo nikaigeukia picha na kioo cha kukuzia.

Kwenye ukosi niliona taji moja, bila nyota. Tangu 1855 hadi 1880 maofisa walivaa alama za vyeo kwenye ukosi, kabla hazijahamishiwa mabegani, na taji peke yake lilikuwa la luteni. Picha ilipigwa basi baada ya Balaklava. Lakini hilo halikutosha, maana mtu aweza kupigana leo akapigwa picha miaka mitatu baadaye. Nilikwenda Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, nikafungua orodha za maofisa: mwaka 1854 jina lake halimo, mwishoni mwa miaka ya 1870 limo, na limo pia katika daftari la medali za vita vya Uzulu.

Rejimenti hiyo ilikuwa Ulundi, mji mkuu wa Wazulu, tarehe 4 Julai 1879, ilipotoka na mikuki kuwafukuza askari wa Mfalme Cetshwayo waliokuwa wakirudi nyuma. Kwangu mimi Mwafrika, jina hilo ni zito kuliko Balaklava, na sikuona sababu ya kulipunguza uzito mbele ya bibi yule. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akauliza Wazulu walikuwa wanapigania nini, nikamjibu kwamba walikuwa wanailinda nchi yao iliyovamiwa na Waingereza Januari mwaka huo. Kisha akanipa penseli, niandike nyuma ya picha cheo, rejimenti na vita vya Uzulu.