Ee Mungu, Unichunguze: Moyo wa Kanu Nwankwo

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Zaburi ya 139 imenikaba. Mwanzo wake tunaupenda sote, hasa pale Daudi anaposema ameumbwa kwa namna ya ajabu ya kutisha. Kazi iko mstari wa 23: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Hapo tunaimba haraka haraka, tunapita. Nani anapenda kuchunguzwa? Mkaguzi akitangazwa kuja shuleni, mwalimu mmoja lazima aumwe tumbo. Hata sisi tunaouhubiri mstari huu tunatamani Bwana aanze na wengine.

Kwa hiyo Jumapili hii jioni zimeni televisheni, kaeni na watoto, wasimulieni habari za mwanasoka Kanu Nwankwo. Sehemu za mpira wasomeeni wao. Zile za hospitali zinatuhusu sisi wazazi, na nitasema wazi.

Watoto, Kanu alizaliwa Owerri, kusini-mashariki mwa Nigeria, tarehe 1 Agosti 1976. Alikua akawa mrefu kweli kweli, mita 1.97. Simameni mlangoni muone kichwa chake kingefika wapi. Mchezaji wa urefu huo makocha humweka mbele apige vichwa basi. Kanu yeye alipenda mpira ukiwa chini, mguuni, na miguu ile mirefu ilimdanganya kila beki: unadhani mpira umemponyoka, kumbe bado anao. Alichezea Iwuanyanwu Nationale ya hapo kwao Owerri, na mwaka 1993 alikuwa kwenye kikosi cha Nigeria kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Japan. Ajax ya Uholanzi ikamchukua. Tarehe 24 Mei 1995, akiwa na miaka 18, aliingia akitokea benchi kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Vienna. Ajax wakaifunga Milan 1–0. Mnigeria mwenzake, Finidi George, alianza siku hiyo.

Mwaka uliofuata ndio wa kusimulia taratibu. Olimpiki ya 1996, Marekani. Kanu ndiye nahodha wa Nigeria. Nusu fainali ni dhidi ya Brazil, na Brazil ile ilikuwa na Ronaldo, Rivaldo, Bebeto na Roberto Carlos. Hadi mapumziko Brazil 3, Nigeria 1. Kipindi cha pili Jay-Jay Okocha akapiga penalti, kipa Dida akaidaka. Watu wazima wengi hapo wangezima redio wakalale. Dakika ya 78 Victor Ikpeba akafunga la pili. Dakika ya 90 mpira ukaangukia kwa Kanu hatua chache tu kutoka golini, naye ameligeuzia goli mgongo, Dida anamjia. Ungekuwa wewe ungeupiga kwa nguvu zote, sivyo? Kanu aliunyanyua kidogo kwa mguu, akageuka, akaupitisha juu ya kipa. Tatu kwa tatu. Wakati huo kulikuwa na sheria ya bao la dhahabu: kwenye muda wa nyongeza, atakayefunga kwanza kashinda, mechi imekwisha. Dakika ya 94 Kanu huyo huyo akafunga. Siku tatu baadaye wakaifunga Argentina 3–2, wakawa nchi ya kwanza ya Afrika kupata dhahabu ya soka ya Olimpiki.

Sasa hapo ndipo Zaburi inapoingia.

Kiangazi hicho hicho Inter ya Italia ilimsajili. Mchezaji akihamia klabu kubwa hupimwa kwanza: damu, magoti, mapafu, moyo. Huyu ametoka tu kuwakimbiza Wabrazil kwa zaidi ya dakika 90. Ungemwangalia kwa macho ungesema hakuna kijana mzima kama yeye. Madaktari wakakuta vali ya moyo wake ina kasoro. Wakamwambia kucheza mpira basi. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Tuwaeleze watoto sawasawa, maana wanaweza kuelewa. Moyo una ukubwa wa ngumi ya mwenye nao, na una vali nne, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Vali ya aota, ndiyo iliyokuwa na kasoro kwa Kanu, iko pale damu inapotoka moyoni kwenda mwili mzima. Kwa kawaida ina vipande vitatu vyembamba: moyo ukikaza vinafunguka, ukilegea vinajifunga. Visipojifunga vizuri, sehemu ya damu iliyokwisha kutoka inarudi ndani. Moyo unalazimika kuisukuma tena, juu ya ile mpya. Ukiwa umetulia, moyo wa mtu mzima husukuma lita 5 hivi kwa dakika. Mchezaji akikimbia hufika lita 20 na zaidi. Fanya hesabu ya kazi ya ziada. Miaka ikienda, ukuta wa moyo unanenepa, chumba chake kinatanuka, na siku moja mapigo yanavurugika.

Kinachotatanisha ni kwamba mwanamichezo huwa na moyo mkubwa kidogo hata akiwa mzima, na mapigo yake ni ya polepole. Kwa hiyo tatizo linajificha nyuma ya mazoezi. Hasikii maumivu, hachoki kuliko wenzake, anafunga mabao. Samweli aliambiwa nyumbani kwa Yese kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Tumezoea kuuhubiri mstari huo kwa habari ya tabia, na ni sawa. Lakini hata ule moyo wa nyama, sura ya nje haikuambii kitu.

Nigeria walilijua hilo kwa machozi. Tarehe 12 Agosti 1989, kwenye Uwanja wa Taifa, Surulere, Lagos, Samuel Okwaraji alianguka akiichezea nchi yake dhidi ya Angola katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Hakuinuka. Alikuwa na miaka 25, tena mwanasheria msomi. Uchunguzi ulionyesha moyo uliotanuka na shinikizo la damu. Kanu alikuwa mtoto wa miaka 13 wakati ule. Miaka saba baadaye daktari wa Italia anamwambia kijana huyu habari za moyo wake, na kijana anaona dunia imemwangukia. Kumbe habari ile iliyomkatisha tamaa ndiyo iliyokuwa inamwokoa! Angefaulu kipimo kwa uzembe wa daktari, tungekuwa tunasimulia kisa kingine.

Novemba 1996 alipasuliwa Cleveland, Marekani. Upasuaji wa vali hufanywa hivi: mfupa wa kidari unakatwa katikati kwa msumeno mdogo, damu inapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, moyo unasimamishwa kwa dawa yenye potasiamu, vali inashughulikiwa, kisha moyo unaamshwa upige tena. Mfupa hufungwa kwa waya, na kuunga kwake huchukua wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana mgonjwa anakatazwa kunyanyua mzigo hata kama anajisikia vizuri. Kanu alirudi uwanjani masika ya 1997.

Kanu ameeleza hadharani kwamba katika siku zile alimlilia Mungu. Aliomba, na akalala kwenye meza ya upasuaji. Yote mawili. Na hapa, wapendwa, naomba mnivumilie niseme na sisi wenyewe.

Kuna mtindo umeingia makanisani kwetu wa kugombanisha maombi na vipimo. Mtoto anazimia akikimbia, anaitiwa wazee wamkemee pepo; wiki tatu za kufunga, hakuna aliyemsikiliza kifua. Mama akimpeleka hospitali anaambiwa imani yake ni haba. Ndugu zangu, huo si upako, ni ukatili uliovaa nguo za ibada. Hezekia aliahidiwa miaka 15 na Mungu mwenyewe, na bado Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Luka alifuatana na Paulo, na Paulo anamwita tabibu mpendwa. Bwana wetu alisema wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi, na wala hakulisema kwa dharau. Wewe unayemzuia mtoto wa mwenzio asiende kupimwa, umepata wapi andiko? Wekeni mikono, ombeni, kisha nauli itolewe sadakani na mtoto aende!

Na ninyi mnaofundisha timu za watoto za kanisa, wale wa viatu vya kuazimana na jezi za mwenge, hili ni lenu. Mtoto akizimia katikati ya kukimbia si sawa na yule anayeanguka kwa kusimama juani muda mrefu. Huyu wa kwanza asirudi uwanjani hadi daktari amwone. Vivyo hivyo anayesikia maumivu ya kifua akikimbia, anayechoka upesi kuliko rika lake kila mara, anayechuchumaa katikati ya mchezo ili apate pumzi, mwenye midomo inayobadilika kuwa ya bluu, na yule ambaye katika ukoo wao kuna kijana aliyefariki ghafla. Kipimo cha kwanza ni daktari kusikiliza kifua. Vali inayovuja hutoa mvumo kati ya pigo na pigo. Cha pili ni karatasi ya umeme wa moyo. Cha tatu, kinachoonyesha vali zenyewe zikicheza, ni eko, ile picha ya mawimbi ya sauti. Haiumi hata kidogo, mwambieni mtoto mapema asiogope.

Akianguka na haitikii, wala hapumui kama kawaida, usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni. Mlaze chali, weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, bonyeza kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache, huku mwingine anatafuta gari. Mkichoka pokezaneni. Maombi yaendelee, ila mikono isisimame.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halimhusu Kanu, maana kasoro yake ilikuwa ya kuzaliwa, ila huku kwetu linaharibu vali nyingi. Maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, yakiachwa bila tiba yanaweza kufuatiwa wiki mbili tatu baadaye na homa na maungio yanayovimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo homa inayokwenda kula vali. Mtoto aliyeipata huandikiwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Tunapokosea ni pale mtoto anapoonekana mzima, mzazi anaacha sindano. Usiache. Kadi yake ikae pamoja na Biblia ili msisahau tarehe.

Turudi kwa watoto, wasilale.

Kanu alihamia Arsenal mwanzoni mwa 1999. Tarehe 23 Oktoba mwaka huo, uwanjani kwa Chelsea, mvua inanyesha, Arsenal wako nyuma 2–0 na imebaki robo saa. Kanu akafunga moja. Akafunga la pili. Dakika ya mwisho akamzuia beki Ferrer asiondoshe mpira, akampiga chenga kipa De Goey aliyekuwa ametoka mbali na goli, akabaki pembeni kabisa, karibu na mstari wa mwisho, mabeki wawili wamesimama golini. Kutoka pale goli karibu halionekani kabisa. Akaupinda mpira juu ya vichwa vyao, wavuni. Mabao matatu, kwa moyo ule ule alioambiwa umekwisha. Akachukua ligi ya Uingereza 2002 na 2004, na mwaka 2008, akiwa Portsmouth, bao lake pekee kwenye fainali ya Kombe la FA dhidi ya Cardiff likawapa kombe. Mwaka 2000 alikuwa ameanzisha Kanu Heart Foundation, inayowalipia watoto wa Nigeria wenye matatizo ya moyo wapasuliwe, wengi wao nje ya nchi. Hiyo ndiyo medali ninayoiheshimu kuliko zote, na mashabiki mnisamehe.

Kimebaki kisa kimoja cha kuwaachia watoto wabishane. Mechi ya kwanza ya Kanu akiwa Arsenal ilikuwa ya Kombe la FA dhidi ya Sheffield United, tarehe 13 Februari 1999. Mchezaji wa Sheffield aliumia, wenzake wakautoa mpira nje atibiwe. Kwa uungwana, Ray Parlour wa Arsenal akaurusha kuwarudishia. Kanu, mgeni, hakuelewa kinachoendelea. Akaukimbilia, akapiga krosi, Marc Overmars akafunga. Arsenal 2, Sheffield 1. Sheria haikuvunjwa, mwamuzi akalikubali bao. Kocha Arsène Wenger akasema mechi irudiwe. Ikarudiwa siku kumi baadaye, na Arsenal wakashinda tena, 2–1 ile ile.

Waulizeni: kama kwenye mechi ya marudio Sheffield wangeshinda, Wenger angekuwa amekosea? Halafu fungueni Luka 19, msome Zakayo alirudisha mara ngapi.