Majani ambayo mama hakuyachoma

Katika nyumba niliyolelewa, majani yaliyoanguka hayakuchomwa kamwe. Kila asubuhi mama aliyafagia akayasogeza hadi kwenye mashina ya miti, akayatandaza kwa uangalifu wa mtu anayetandika kitanda, kisha akaendelea na shughuli zake. Nilipomuuliza kwa nini hatuyatii moto kama wafanyavyo majirani, alinijibu kwamba mti umeyaangusha pale kwa sababu unayahitaji pale. Sikumwelewa, lakini tangu siku hiyo nilianza kuyafunua yale ya chini, yaliyokwisha kulowana na kuwa meusi, ili nione mti unayafanyia nini.

Niliwakuta nyungunyungu, majongoo na nyuzi nyeupe za kuvu zilizoshikanisha jani na jani. Miaka mingi baadaye, darasani, ndipo nilipofundishwa kwamba kuvu na bakteria huyaozesha majani na kuirudishia ardhi naitrojeni na madini mengine, kwamba tandiko hilo huukinga udongo usikaushwe na jua, na kwamba vijia vinavyochimbwa na nyungunyungu hupitisha hewa na maji ya mvua. Somo lile lilinipa majina ya vitu ambavyo tayari nilikuwa nimevipenda.

Baba alikuwa na njia yake. Siku niliyomuua ndege mdogo kwa manati, nilitarajia viboko. Aliketi kando yangu, akamweka ndege yule kiganjani mwangu, akaniagiza nilifungue bawa lake taratibu na kumweleza kila nilichokiona. Nilianza na rangi, nikaja kwenye namna manyoya marefu yalivyopishana na yale laini ya ndani, na kabla sijamaliza nilikuwa nalia. Sikumbuki alisema nini baada ya hapo. Nakumbuka kwamba bawa lilikuwa bado na joto. Manati ile sikuishika tena.

Nilipokuja kusoma maisha ya Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, niliitambua nyumba yetu katika habari zake. Alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo, mti wa jamii ya mikuyu, kwa sababu ulikuwa mti mtakatifu. Baadaye, akiwa mwanasayansi, alitambua kwamba mizizi ya miti hiyo ilipenya chini sana na kusaidia maji kupanda hadi kwenye chemchemi, na kwamba pale ilipokatwa, vijito navyo vilikauka. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mimi huona kwamba katazo la mama yake lilitangulia, na elimu ikaja kulieleza.

Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, naye akiwa mdogo sana aliwapeleka nyungunyungu kitandani kwake. Mama yake, Vanne, hakumkemea. Alimweleza kwa upole kwamba watakufa wasipokuwa na udongo, wakawarudisha pamoja bustanini. Mwaka 1960 Goodall alipokwenda Gombe, katika Tanzania ya leo, kuwachunguza sokwe, na wakuu wa serikali ya kikoloni wakakataa akae msituni peke yake, aliyefuatana naye alikuwa mama huyohuyo. Mtafiti Louise Chawla, aliyewahoji watetezi wa mazingira huko Kentucky, Marekani, na Norwe katika miaka ya 1990, alikuta mambo mawili yakijirudia katika kumbukumbu zao: saa nyingi za utotoni walizokaa nje, na mtu mzima wa familia, mara nyingi mzazi, aliyejali viumbe mbele ya macho yao.

Ndiyo maana huingiwa na wasiwasi ninapoona mtoto akifundishwa mazingira kwa habari za maangamizi peke yake, barafu inayoyeyuka na wanyama wanaotoweka, kabla hajapewa nafasi ya kukaa na kiumbe hai hata kimoja. Hofu humchosha mtoto upesi, na hana pa kuipeleka. Mama yangu hakuwahi kunitisha, alinipa ufagio.

Ufagio huo ninao hadi leo, kwa namna yake. Kazini kwangu majani yalikuwa yakikusanywa na kuchomwa kila wiki, na ilinichukua muda mrefu, pamoja na barua tatu, kuwashawishi wahusika waniachie kona moja yenye miti minne. Kila Ijumaa jioni huyafagia majani mwenyewe na kuyasogeza mashinani. Msimu wa kwanza udongo ulibaki mgumu, nami nilianza kukata tamaa. Mvua za msimu wa pili ziliponyesha, nilichuchumaa nikayafunua majani ya chini, na nyungunyungu walikuwepo. Usiku huo nilimpigia mama simu kumweleza, naye akaniuliza kama nimekumbuka kuyafunika tena.