Miwani ya buku tano

Jumatano ya Januari 17, 2024, niliamka jicho la kushoto halifunguki. Tongotongo lilikuwa limeukamata ukope wa juu na wa chini kama gundi. Umeme haukuwepo, ulikuwa wakati ule wa mgao, basi nikapapasa ndoo gizani, nikalowesha jicho mpaka likaachia, nikawasha simu nijitazame. Jekundu kama nyanya iliyopasuliwa.

Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Wiki ile Dar es Salaam nzima ilikuwa ikiongea mambo mawili tu, Taifa Stars kule AFCON na macho mekundu. Wizara ya Afya ilikuwa imeshatangaza mlipuko, na kwenye daladala za Mbagala watu walikuwa wamejifunza kutazama madirishani. Ukikohoa hakuna aliyejali, lakini ukifikicha jicho kiti cha jirani kinabaki wazi.

Nilikaa kitandani dakika kumi hivi nikipiga hesabu. Nilikuwa keshia wa duka la jumla la vifaa vya shule Kariakoo, kwenye mtaa mmoja unaokatiza Msimbazi. Nilikuwa na miezi minne pale na muda wa majaribio ulikuwa sita. Kiti nilichokikalia kilikuwa cha dada mmoja aliyeugua malaria, akalala siku tatu, aliporudi akakuta mtu mwingine anafundishwa droo. Mtu huyo ndiye mimi. Siku ya kwanza nilimpisha mlangoni akitoka na mfuko wake wa kandambili na kikombe cha chai, akaniambia, "Karibu." Neno lile lilinikaa kooni muda mrefu. Na mwezi wenyewe Januari, mwezi dume, shule zimefunguliwa, wazazi wanapanga foleni mpaka barabarani kutafuta kauntabuku, mabegi na mikebe ya hesabu. Nani akalale nyumbani wiki kama hiyo?

Pale Rangi Tatu nikanunua kwa machinga miwani nyeusi ya buku tano. Nikapanda gari.

Dukani waliniona, wakacheka. Kaka wa stoo, ambaye hakuna jambo alilowahi kuliacha lipite, akauliza kama nimeanza kurekodi bongofleva. Nikamwambia jua la asubuhi linaniumiza kichwa. Dada wa risiti, aliyekaa mkono wangu wa kulia na mashine ya EFD, hakusema kitu. Alikuwa ametoka likizo ya uzazi muda si mrefu na mara nyingi alikuwa anasinzia macho wazi.

Nataka nieleze vizuri jinsi tulivyokuwa tumekaa, kwa sababu baadaye ndicho nilichokiwaza zaidi. Mlangoni kulikuwa na mashine ya alama za vidole. Kila mwajiriwa anabonyeza kidole kilekile asubuhi na jioni, na ukichelewa mashine inakusemea. Kaunta ilikuwa moja ndefu. Mimi napokea pesa, dada wa risiti anachapa. Katikati yetu palikuwa na kisahani chenye sponji yenye maji, ile ya kulowesha vidole wakati wa kuhesabu noti. Kwenye foleni ndefu alikuwa ananisaidia kuhesabu, kwa hiyo sponji ilikuwa yetu sote. Na jioni, bosi akishafunga hesabu, mimi ndiye niliyewalipa vibarua wanaobeba katoni: kila mmoja elfu kumi, noti moja ile tunayoiita msimbazi kwa wekundu wake, mkono kwa mkono.

Siku nzima ile jicho lilichuruzika. Nilikuwa naingiza kidole chini ya miwani, nafuta, narudi kwenye noti. Naingiza, nafuta, narudi. Wala sikujiona mwizi. Nilijiona shujaa kidogo, mtu anayevumilia.

Jioni nikawalipa vibarua. Wa mwisho alikuwa mzee wa makamo tuliyemwita Mjomba, mtu wa maneno machache, mgongo umeanza kukubali umri lakini katoni mbili za daftari bado anazibeba kwa mpigo mmoja. Alikuwa na kawaida ya kuipokea noti kwa mikono miwili, kisha anaigusisha kwenye paji la uso kidogo. "Ahsante, mwanangu." Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza na alikuwa anadunduliza.

Usiku Stars walicheza na Morocco. Mimi nilisikiliza kwa jirani nikiwa nimelala na kitambaa cha maji baridi usoni. Tukafungwa tatu bila, na Novatus Miroshi akatolewa kwa kadi nyekundu. Mama mwenye nyumba alinigongea akashauri nioshe kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Sukari yenyewe mwezi ule ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo upande huo hapakuwa na shida. Niliosha. Asubuhi yakawa mekundu yote mawili.

Na bado nilienda. Hapo ndipo sina la kujitetea, maana siku ya kwanza mtu unaweza kusema ni vumbi.

Alhamisi, wakati nainama kubonyeza kidole mlangoni, miwani ikateleza mpaka puani. Kaka wa stoo alikuwa nyuma yangu. Akanyamaza sekunde moja, kisha sauti yake ikajaa duka lote:

"Jamani! Miroshi jana kala nyekundu moja, huyu mwenzetu kala mbili!"

Walicheka sana. Hata mimi nilicheka. Kisha kicheko kikaisha ghafla, kila mtu akakumbuka pa kutazama. Mwaka ule watu wengi waliamini kwamba ugonjwa ule unapata kwa kumtazama mgonjwa machoni. Basi kaka wa stoo akawa anaongea nami huku anatazama feni. Wauzaji wakawa wananiletea bili kwa ubavu, kama kaa. Mmoja aliniambia pole ya kweli kabisa, kwa upole, akiwa ameupa uso wake ukuta. Lakini ajabu ni hii: hakuna aliyekataa chenji kutoka mkononi mwangu. Walikuwa wanayaogopa macho, na vidole wanavishika.

Isipokuwa dada wa risiti. Yeye alinitazama, tena moja kwa moja.

"Ulikuja nayo tangu jana?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Jana nimefika nyumbani nimemchukua mtoto nikamnyonyesha. Nimemfuta uso kwa mkono huu."

Hakupandisha sauti. Angefoka ningeweza kumjibu, nilikuwa na majibu yangu tayari, ya majaribio, ya kodi, ya yule dada wa malaria. Alichukua penseli mbili, akaibana sponji katikati yake kama anayetoa mjusi ndani ya nyumba, akaenda kuitupa nje. Aliporudi alisogeza kiti chake mpaka waya wa mashine ukavutika.

Saa nane mchana umeme ukakatika. Jenereta ya jengo ilichelewa kuwaka, foleni ikaanza kunung'unika, na mimi nimeketi gizani na miwani nyeusi. Nikampa mteja mmoja wa Morogoro noti ya elfu kumi mahali pa elfu mbili. Noti ya elfu mbili ina rangi ya kahawia-chungwa na nyuma ya vioo vile zote zilikuwa kivuli tu. Mteja alikuwa mwaminifu, akairudisha palepale kwa sauti ya kusikika. Bosi akatoka ofisini kwake.

"Vua hiyo miwani."

Nikavua. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Kwa nini hukusema?"

Swali lile bado nalikumbuka kwa sababu alionekana kushangaa kweli. Yawezekana alikuwa amemsahau yule dada, yawezekana kwake ilikuwa habari nyingine kabisa. Nilitazama chini. Akaniambia niache droo, niende hospitali, nisirudi mpaka niwe mzima, na mshahara wangu uko palepale. Wenzangu wote walisikia. Vibarua pia, waliokuwa wamekaa juu ya katoni wakisubiri umeme.

Hospitali ya serikali niliyoenda ilikuwa na foleni ya watu wa miwani. Ungedhani ni mkutano wa vipofu. Daktari hakuchukua dakika tatu. Akasema ni virusi, dawa ya kuua virusi hivyo hakuna, macho yatapona yenyewe kwa wiki moja au mbili, nisiweke chai wala chumvi wala maziwa ya mtu. Nioshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, taulo langu liwe langu. Akaandika ED, karatasi ya kuruhusiwa kupumzika kazini, ya siku tano. Nikamuuliza kama ni kweli yanaambukiza kwa kutazamana.

"Yangekuwa yanaambukiza hivyo mimi ningekuwa kipofu leo. Ni mikono, dada. Mikono na vitu mnavyoshikana."

Njiani nilianza kuhesabu. Mashine ya mlangoni. Droo. Kalamu ya bili. Sponji. Noti za vibarua.

Nikiwa kitandani niliisoma kwa simu, jicho moja, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye sharti la miezi sita kazini. Kwa hiyo hofu yangu haikuwa ya kijinga, ilikuwa na kifungu chake. Mshahara wangu wa siku zile ulikuwa hisani ya bosi, na hisani yenyewe niliipata kwa kuwa keshia aliyeshazijua bei haokotwi Januari.

Niliporudi, Alhamisi iliyofuata, Stars walikuwa wameshatoka mashindanoni na duka lilikuwa na harufu ya sabuni. Ndoo ya maji yenye koki ilikuwa mlangoni. Bosi alikuwa ofisini kwake amevaa miwani nyeusi. Ya kwake ilikuwa nzuri, ya bei, lakini miwani ni miwani, na hakuna mtu aliyemuuliza kama ameanza kurekodi. Dada wa risiti hakuwa ameugua, wala mtoto wake. Nilimsalimia, akaitikia, akanipa jumla ya bili ya kwanza. Wiki tatu hivi tuliongea kwa tarakimu.

Nikauliza Mjomba yuko wapi. Kaka wa stoo, safari hii akinitazama mimi na si feni, akasema Mjomba alikuja Jumatatu macho yamevimba, bosi akamzuia hapohapo mlangoni. Nenda ukapone. Ndiyo hivyo. Kibarua hana droo ya kukuta palepale.

Sasa, jiji lilikuwa limejaa ugonjwa ule. Mjomba alipanda daladala kama mimi, alishika vyuma vilevile walivyoshika watu mia. Niliisema hoja hiyo kwa kaka wa stoo, tena kwa ufasaha, na yeye akasikiliza mpaka mwisho.

"Inawezekana," akasema, akaenda kupanga mabegi.

Siku mbili baadaye nilifungua daftari la madeni kutafuta jina la mteja wa Kibaha nikakuta, kwa mwandiko wa kaka wa stoo: Mjomba, kauntabuku kwaya tatu, sita. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu ileile. Kwa hiyo alipogeuzwa mlangoni alizungukia stoo kwa nyuma akakopa daftari za mjukuu, na kaka yule mwenye mdomo mrefu kuliko Mtaa wa Kongo hakumwambia mtu yeyote.

Mshahara ulitoka tarehe 31. Nililipa deni lile kwanza, nikalipiga mstari. Siku hiyohiyo, kama vile tuliagana, Mjomba akarudi. Amekonda kidogo, macho meupe, shati lilelile. Siku tisa. Alinisalimia kama kawaida, akabeba katoni kama kawaida. Nilitaka kumwambia kitu mchana lakini kila nilipoinuka foleni ilisogea.

Jioni akaja kaunta wa mwisho.

"Leo unikate za kauntabuku, zote ikitosha."

"Zimeshalipwa, Mjomba."

"Na nani?"

Sikujibu. Akanitazama machoni, kwa muda, yeye ambaye hata kabla ya ugonjwa hakuwa mtu wa kutazama watu. Kisha akauliza mjukuu wake alikuwa anadaiwa na nani sasa, na nikasema hadaiwi na mtu. Akatikisa kichwa polepole, sikujua ni kukubali au kukataa. Mimi nikachomoa msimbazi kwenye droo, nikanyoosha mkono.

Mikono yake haikutoka mfukoni.

"Iweke mezani, mwanangu."

Niliiweka. Akaichukua kwa ncha za vidole, akaikunja mara mbili bila kuigusisha popote, akaenda kwenye ndoo na kufungua koki. Mpaka naacha kazi pale, mwezi wa nane, tulilipana hivyo.