Kumfuata Heroe Mmoja Bogoria

Leo ilikuwa asubuhi yangu ya tatu mfululizo kando ya chemchemi za moto za Loburu, mahali ambapo heroe, au flamingo kama wengi tulivyozoea kuwaita, hushukia kunywa na kuoga, kwa kuwa maji yake hayana magadi mengi kama ya Ziwa Bogoria lenyewe. Ukuta wa miamba ya Siracho, ulio upande wa mashariki, huchelewesha jua kulifikia ziwa, na kuchelewa huko ndiko kunakonileta. Katika mwanga ule hafifu ninaweza kuacha shata, yaani pazia la kamera linaloingiza mwanga, wazi kwa 1/20 ya sekunde, muda wa kutosha mwendo wa ndege uchoreke kwenye picha, bila picha kuungua kwa mwanga. Jua likishapanda, hata nikishusha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 100 na kubana tundu la lenzi hadi f/22, ambalo ni dogo sana, mwanga bado huzidi.

Siku mbili za kwanza nilitaka kundi zima lionekane wazi, nikarudi na ukungu wa waridi usio na umbo. Jana usiku ndipo nilipoelewa sababu: ndege wawili wakiruka kwa kasi ileile, mmoja mita 40 kutoka kwangu na mwingine mita 120, yule wa karibu hupita mbele ya lenzi kwa mwendo mara tatu ya mwenzake, kwa hiyo kamera inayomfuata mmoja lazima impoteze mwingine. Basi leo nilimchagua mmoja, nikamfuata kwa kugeuza kiuno badala ya mikono, nami sikusimama shata ilipolia, bali niliendelea kugeuka mpaka alipopita.

Heroe hawezi kuruka alipo. Hukimbia kwanza juu ya maji huku akipiga mabawa. Mbio hizo hunivutia sana, lakini mwili wake hupanda na kushuka kwa kila hatua na shingo huchorwa mara mbilimbili, hivyo nimejifunza kungoja miguu iachane na maji.

Sipendi kabisa kuona watu wakipiga makofi ili kundi liruke wapate picha. Ndege hawa wamekuja kula na kunywa, na kila kurushwa huwagharimu nguvu. Kungoja kunatosha: mwendo wa saa moja na nusu asubuhi kwazi, tai mla samaki ambaye hapa huwinda hata heroe, alipita chini, na kundi zima likainuka lenyewe.

Katika picha 140 nimebakiza moja. Jicho la yule niliyemfuata linaonekana, pamoja na mdomo wake mweusi. Mabawa yake yamekuwa mikwaruzo myekundu, na wenzake wote wamegeuka mistari mirefu mbele ya kivuli cha Siracho. Kesho nitajaribu 1/15.