Siku yangu na watoto wenye homa: nani abaki nyumbani, nani apelekwe hospitali

Saa 12:30 asubuhi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nakagua mkoba: vipimo vya haraka vya malaria, kipima muda, utepe wa kupima mkono kuona kama mtoto ana utapiamlo, atesuneti (dawa ya malaria kali) ya kuingiza njia ya haja kubwa, fomu za rufaa. Pakiti ya kipimo ikitoboka naitupa, imeshaingia unyevu.

Saa 2. Mtoto wa miezi 14, homa siku ya pili. Kipimajoto hakiniamulii. Nauliza: amepata degedege? Anatapika kila kitu? Ananyonya? Hilo la mwisho naliangalia kwa macho, mama amnyonyeshe palepale, kwa sababu "ananyonya" mara nyingi ni habari ya jana. Kisha nampandisha shati na kuhesabu pumzi dakika nzima. Akilia, naanza upya. Kwa umri huu 40 na kuendelea ni za haraka, kwa miezi 2 hadi 11 ni 50. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili utakosea, maana mtoto hapumui kwa mwendo mmoja. Huyu ana 36 na kifua hakibonyei ndani. Utepe unasoma kijani, hana utapiamlo. Kipimo kinaonyesha malaria: dawa mseto siku 3, dozi ya kwanza mbele yangu. Akiitapika ndani ya nusu saa, narudia.

Saa 5. Wa miaka 2, kalegea, hageuki hata akiitwa. Hapa hakuna kungoja: rufaa. Hapewi kitu mdomoni, atapaliwa. Naingiza atesuneti moja ya miligramu 100 na kubana makalio dakika 10; ikitoka ndani ya nusu saa, naweka nyingine. Kazi ngumu inaanza baadaye. Jioni huenda akachangamka, na nyumbani waseme kapona, safari ife. Kwa hiyo nawaambia kabla hawajainuka: dawa hii inamfikisha hospitali tu, haitibu. Saa niliyoiweka naiandika kwenye fomu.

Saa 7. Kichanga cha wiki 5, joto 37.8, ananyonya vizuri. Chini ya miezi 2 hatujadili, ni hospitali. Anafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ananyonya njiani.

Saa 9. Kipimo hakionyeshi malaria, lakini homa ina siku 7. Anakwenda pia. Na kinyume chake: aliyetibiwa wiki 2 zilizopita kipimo kinaweza bado kuonyesha malaria ambayo imeshakwisha.

Saa 11. Napiga simu kuhakikisha wale watatu wamepokelewa. Mmoja hajafika, usafiri haujapatikana. Naanza na jirani mwenye pikipiki.